Kura ya 1971 na watu ambao hawakuulizwa

Habari za Taiwan zikifika kwa Kiswahili huwa ni habari za wakubwa wawili: manowari ya Marekani imepita, ndege za China zimeruka, Beijing imetoa onyo. Sisi tunazisoma kama watazamaji. Lakini siku kisiwa kile kilipopoteza nafasi yake duniani, mtu wetu alikuwemo ukumbini, tena mstari wa mbele.

Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alikuwa na miaka 29 na tayari ndiye balozi wa Tanzania kwenye Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, jijini New York, Baraza Kuu lilikuwa likiamua nani akalie kiti cha China. Tangu 1949 wakomunisti wa Mao Zedong walikuwa wanatawala bara zima, lakini kiti, pamoja na kura ya turufu ndani ya Baraza la Usalama, kilikuwa bado mikononi mwa Chiang Kai-shek, jemadari aliyeshindwa vita na kukimbilia Taipei, kisiwani Taiwan. Marekani ilitaka suala lihesabiwe kuwa zito, lihitaji thuluthi mbili ya kura. Ikashindwa kwa kura 59 dhidi ya 55. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Inasimuliwa hadi leo kwamba wajumbe wa Kiafrika walicheza ngoma kwenye ujia wa ukumbi, na masimulizi mengi yamembebesha Salim ngoma hiyo peke yake. Wajumbe wa Chiang walitoka nje kabla hata ya kura ya mwisho. Azimio namba 2758 likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi 17 hazikuegemea upande wowote. Tanzania haikuunga mkono tu. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta hoja. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zilipiga kura ya ndiyo. Kongo, siku mbili kabla Mobutu hajaibadili jina kuwa Zaire, ilipiga ya hapana.

Marekani haikusahau. Miaka kumi baadaye Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Washington ilimwekea kura ya turufu duru baada ya duru mpaka akajitoa. Aliyekuwa balozi wa Marekani ukumbini usiku ule wa 1971, George H. W. Bush, wakati huo alikuwa makamu wa rais.

Nasema wazi kwamba kura ile ilikuwa ya haki. Kumwambia Mchina wa Sichuan au Henan kwamba anayemsemea duniani ni mzee aliyekaa ng'ambo ya bahari, ambaye hakanyagi tena kijijini kwao, ulikuwa ni uongo, na uongo huo ulidumu miaka 22 kwa sababu tu ulimfaa mwenye nguvu. Isitoshe, sisi tuna deni. Mimi ni mtu wa Mkoani, Pemba. Mama yangu alifanyiwa operesheni na daktari Mchina, katika hospitali ambayo vizazi na vizazi vya madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamepita, maana timu za Jiangsu zinakuja Zanzibar tangu 1964. Bara wana TAZARA, kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba ambao nchi za Magharibi zilikataa kuutoa. Mtu akitaka kunifundisha kuichukia China, amekosea mlango.

Ila nimelisoma azimio lile mara nyingi, na halina maneno mengi. Linarudisha haki zote kwa Jamhuri ya Watu wa China, na linawafukuza "wawakilishi wa Chiang Kai-shek" kutoka kwenye kiti walichokikalia kinyume cha sheria. Basi. Jina la Taiwan halimo. Halisemi kisiwa ni cha nani, wala halisemi watu wake watawaliwe vipi. Lilihusu kiti. Hata hivyo leo Beijing, na serikali nyingi za kwetu kwa kuitikia, zinalitaja kana kwamba lilimaliza kila kitu, hadi hatima ya watu milioni 23.

Kwa nini mwaka 1971 hakuna aliyeuliza juu ya watu wa kisiwani? Kwanza, aliyekuwa akiwasemea hakuwa wao. Taiwan ilikuwa koloni la Japani kuanzia 1895 hadi 1945. Vita vilipokwisha, jeshi la Chiang likaipokea, na tarehe 28 Februari 1947 wenyeji walipoandamana dhidi ya rushwa na dharau, maelfu waliuawa katika wiki zilizofuata. Halafu ukaja mwaka 1949: zaidi ya watu milioni moja wakavuka kutoka bara pamoja na serikali iliyoshindwa, na sheria ya kijeshi ikatangazwa, ikakaa miaka 38. Wabunge waliochaguliwa bara mwaka 1947 na 1948 waliendelea kuketi Taipei mpaka 1991 bila kurudi kwa wapiga kura, kwa hoja kwamba majimbo yao "yanakaliwa na waasi". Mtu wa Tainan au Hualien alikuwa anatawaliwa na mbunge wa mahali ambapo hata mbunge mwenyewe hawezi kufika. Kwa hiyo Salim na wenzake walipomfukuza Chiang, hawakumfukuza msemaji wa watu wa kisiwa. Walimfukuza dikteta aliyedai kuwa mtawala wa China yote.

Pili, hata Chiang mwenyewe hakutaka swali hilo liulizwe. Kulikuwa na pendekezo la Marekani la kuwa na viti viwili, Beijing kimoja na Taipei kimoja. Lakini wote wawili, Mao na Chiang, walishikilia kwamba China ni moja. Walichobishania ni nani baba mwenye nyumba.

Kisha kisiwa kikabadilika. Sheria ya kijeshi ikaondolewa tarehe 15 Julai 1987. Lee Teng-hui, mzaliwa wa kisiwani aliyekulia chini ya Mjapani, akawa rais, na mwaka 1991 akafuta rasmi ile hali ya vita dhidi ya "uasi wa wakomunisti". Machi 1996 watu wakapiga kura ya kumchagua rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Beijing ikarusha makombora baharini karibu na bandari za Keelung na Kaohsiung kuwatisha, nao wakapanga foleni wakapiga kura, Lee akapata zaidi ya nusu ya kura zote. Mwaka 2000 upinzani ukashinda, na chama kilichotawala miaka hamsini kikakabidhi ofisi. Tangu hapo madaraka yamekwenda upande huu na kurudi upande ule mara kadhaa bila tone la damu. Mtu wa Zanzibar anayekumbuka Oktoba zetu za uchaguzi hahitaji kuelezwa hiyo ina thamani gani.

Swali la 1971 lilikuwa: je, jemadari aliyekimbia anaweza kuisemea China? Jibu likawa hapana, na ni sahihi mpaka leo. Swali la sasa ni jingine kabisa: watu milioni 23, wenye ardhi ya kilomita za mraba 36,000 hivi, kubwa kuliko Rwanda, wenye serikali wanayoichagua na kuiondoa wenyewe, wenye jeshi, sarafu na pasi zao, ambao Jamhuri ya Watu wa China haijawahi kuwatawala hata siku moja, je, wana neno lolote juu ya hatima yao? Swali limebadilika, na sisi tunaendelea kutoa jibu la zamani.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Mwalimu, na simkumbuki kwa ajili ya TAZARA. Namkumbuka kwa ajili ya Biafra.

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, eneo la mashariki ya Nigeria lililokuwa limejitangazia uhuru. Fikiria ukubwa wa jambo hilo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeapa mjini Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Jeraha la Katanga, jimbo lililojaribu kujitenga na Kongo, lilikuwa bado bichi. Kila rais alikuwa na kabila au jimbo analolihofia kwake. Na Nyerere, ambaye hakuna wa kumfundisha umoja, maana miaka minne tu kabla yake alikuwa ameunganisha nchi mbili kuwa moja, akasimama upande wa waliojitenga. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu. Watu wakichinjwa, wakakosa imani kabisa na dola ile kiasi cha kuona usalama wao uko nje yake, huwezi kuwarudisha kwa mizinga ukauita huo umoja. Umoja unataka ridhaa.

Ni nchi chache tu zilizomfuata: Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia barani, na Haiti baadaye. Nigeria ilikasirika. Uingereza na Urusi zote zilikuwa upande wa Lagos. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Wapo mpaka leo wanaosema Mwalimu alikosea, na naelewa kwa nini: Afrika ikianza kuchora mipaka upya, damu haitakauka. Hata hivyo aliyetuachia uamuzi wa 1971 ndiye aliyetuachia uamuzi wa 1968. Katika kabati la sera zetu za nje zimo kanuni mbili. Ya kwanza, nchi kubwa isinyimwe haki yake kwa hila za wenye nguvu. Ya pili, watu wasiunganishwe kwa mtutu. Tumeibeba ya kwanza kila mkutano. Ya pili tumeiacha kabatini, na sijapata kumsikia waziri wetu yeyote akieleza kwa nini.

Nijibu na hoja ya Beijing, kwa sababu si hoja ya kitoto. China ilinyang'anywa Taiwan na Japani mwaka 1895, katika karne ambayo kila dola lenye meli lilikuja kumega kipande chake. Azimio la Cairo la 1943 lilisema kisiwa kirudi kwa China. Sisi tuliogawanywa Berlin tunajua uchungu wa kumegwa, na ndiyo maana maneno haya yanatuingia moyoni. Lakini tukiyafuata mpaka mwisho yanatufikisha pagumu. Mkataba wa San Francisco wa 1951 uliifanya Japani iachie Taiwan bila kutaja inamwachia nani, na China zote mbili hazikualikwa. Na hata kama hati zote zingekuwa safi, hati ya 1943 haiwezi kuwafunga midomo watu waliozaliwa 1990. Wao wanasema nini? Chuo Kikuu cha Chengchi mjini Taipei kimekuwa kikiwauliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi mno hutaka hali ibaki kama ilivyo, ama daima ama mpaka hapo baadaye. Wanaotaka kuungana mara moja ni wachache sana, na wanaotaka kutangaza uhuru mara moja nao ni wachache. Ni watu wanaojua wanaishi chini ya nini. Sheria ya Beijing ya mwaka 2005 dhidi ya kujitenga inaruhusu waziwazi njia zisizo za amani.

Kutotambuliwa kuna upande ambao mabalozi hawauoni. Nilisoma Ujerumani na mwanafunzi mwenzangu kutoka Kaohsiung. Siku ya kujaza fomu ya chuo kwenye kompyuta, orodha ya nchi ilimpa chaguo moja tu: Taiwan, jimbo la China. Ndivyo ilivyo kwenye orodha ya kimataifa ya majina ya nchi inayotumiwa na mifumo mingi, nayo hufuata lugha ya Umoja wa Mataifa. Alibonyeza, akaendelea. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba baba yake angekataa kubonyeza, na kwamba yeye anachagua vita vyake. Kwa pasi hiyo hiyo anaingia nchi zaidi ya mia moja bila viza, lakini akienda Geneva kutalii jengo la Umoja wa Mataifa anazuiwa mlangoni.

Michezoni ni hivyo hivyo. Mwaka 1976 timu yao ilirudi nyumbani kutoka Michezo ya Montreal kwa sababu Canada, iliyokuwa imeitambua Beijing, haikuwakubali na jina lao. Nasi tuligoma michezo hiyo hiyo, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, na ndiyo maana Filbert Bayi hakukutana na John Walker katika mita 1,500. Sisi tulikosa kwa msimamo wetu wenyewe, na michezo iliyofuata tukarudi na bendera yetu. Wao wamerudi kwa jina la Chinese Taipei na bendera iliyoshonwa kwa ajili ya Olimpiki tu. Lee Yang na Wang Chi-lin walipotwaa dhahabu ya badminton mjini Tokyo, na tena Paris mwaka 2024, mara zote mbili kwa kuwafunga Wachina fainali, wimbo wa taifa haukupigwa. Zanzibar tunaujua kidogo uchungu huo. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama kamili, watu wakashangilia Darajani, na Julai mwaka huo huo ikatutoa. Sisemi Zanzibar ni Taiwan. Sisi tuna Muungano uliotiwa saini na marais wawili, tunapiga kura ya rais wa Jamhuri, na dola yetu yenyewe, iliyoingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, Desemba 1963, iliishi miezi minne na nusu tu. Ninachosema ni kwamba mtu wa visiwani husikia haraka mtu mwingine anapoulizwa "kwenu ni wapi hasa?".

Kibaya zaidi kilitokea Nairobi. Mwishoni mwa 2014 polisi walikamata makumi ya watu baada ya moto kuzuka katika nyumba moja, wakashtakiwa kwa ulaghai wa simu uliowalenga watu wa China. Mahakama ya Kenya iliwaachia huru baadhi yao Aprili 2016. Badala ya kurudishwa walikotoka, watu 45 wa Taiwan walipakiwa kwenye ndege za kwenda China bara, huku serikali yao ikipiga kelele kutoka Taipei bila ubalozi wa kupeleka kelele hizo. Maelezo ya Nairobi yalikuwa kwamba Kenya haina uhusiano na Taiwan, inaitambua China moja. Labda walikuwa matapeli kweli. Waathirika wao walikuwa watu wa kawaida waliopoteza akiba zao, nao wana haki. Lakini mtu aliyeachiwa na mahakama yako humkabidhi kwa dola ambayo hajawahi kuwa raia wake. Hapo sera ya China moja iliacha kuwa maneno ya kidiplomasia ikawa pingu mkononi mwa mtu.

Taipei nayo si malaika katika biashara hii. Kwa miongo mingi imenunua marafiki kama Beijing inavyonunua. Liberia ilihama upande hadi watu wakachoka kuhesabu. Malawi ilihamia Beijing 2008, Burkina Faso 2018. Nauru ilipoondoka Januari 2024, nchi zilizobaki zikiitambua Taipei zilikuwa 12, ikiwemo Vatikani. Kwetu Afrika imebaki Eswatini peke yake, ufalme usioruhusu vyama kushindana kwenye uchaguzi, na watu wa Taiwan wanaojivunia demokrasia yao wanapaswa kuulizwa juu ya urafiki huo. Eswatini nayo inalipa: mwaka 2025 China ilipotangaza kufuta ushuru kwa bidhaa za Afrika, nchi 53 zilitajwa, ikaachwa hiyo moja.

Sitaki Tanzania ifungue ubalozi Taipei kesho. Ingekuwa kujidanganya: tungekatwa mikopo, wanafunzi wetu wangerudishwa, na kwa watu wa Taiwan wenyewe isingebadili kitu. Lakini kuna mambo tunayoyaweza bila kuvunja urafiki na mtu. Tunaweza kuacha kusema kwamba azimio 2758 liliamua hatima ya kisiwa, maana tulikuwa miongoni mwa walioleta hoja na tunajua halikuamua. Tunaweza kuwaunga mkono warudi kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kama waangalizi, walivyokuwa kuanzia 2009 hadi 2016 kwa ridhaa ya Beijing yenyewe, mpaka walipomchagua rais asiyeipendeza. Na raia wao akikamatwa Dar es Salaam au Mombasa, arudishwe kwao.

Tena Nyerere aliwahi kutuonyesha njia. Mwaka 1965 serikali ya Ujerumani Magharibi, mjini Bonn, ilitukatia msaada wa kijeshi kwa sababu tuliruhusu ofisi ya kibalozi ya Ujerumani Mashariki, iliyokuwa imeanzia Zanzibar baada ya Mapinduzi. Aliwajibu wachukue na msaada uliobaki. Tajiri wa Bonn hakupewa ruhusa ya kutuchagulia maneno. Sioni kwa nini tajiri wa leo apewe.

Septemba 2024 viongozi wa Afrika walikutana Beijing, na tamko lao la pamoja likasema Afrika inaunga mkono kwa dhati juhudi zote za serikali ya China za kuiunganisha nchi. Juhudi zote. Hakuna sharti la amani pale, wala ridhaa ya wanaounganishwa. Nchi yetu imo katika tamko hilo, Kenya imo, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Mkutano ujao umepangwa Kongo-Brazzaville mwaka 2027, na rasimu huandikwa miezi mingi kabla. Ningependa mtu mmoja katika wizara yetu, akifika kwenye sentensi hiyo, aombe iongezwe "kwa njia ya amani", na akiulizwa anatoa wapi ujasiri, ataje tarehe 13 Aprili 1968.